Ulinzi wa Mitaa ya Mji wa Kale Tangu Zamani



Katika mikutano ya Chama ya mwaka huu swali moja limerudi mara nyingi kuliko hata swali la ada: je, Mji wa Kale ni mahali pa salama, au ni mahali pa wevi? Swali hili si la mchezo. Kijana wa Kibokoni au wa Kuze akienda kuomba kazi, naye akaulizwa akaapo, hutazamwa mara mbili. Mwenye duka karibu na Ngome huona wageni wakigeuza njia kwa kuwa wameonywa wasiingie vichochoroni. Na mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka kumi na saba hulala jicho moja li wazi, wala hajui amwogope nani zaidi, mwenye panga au mwenye bunduki ya Serikali. Kwa hiyo Kamati imetutaka tulieleze jambo hili kwa urefu, nasi tumeona vema tuanze mbali, maana wengi wanaousema mji huu vibaya, na hata wanaousema vizuri, huusema kana kwamba ulizaliwa juzi.

Kwanza tupatambue mahali penyewe. Mji wa Kale umekaa ukingoni mwa kisiwa upande wa mashariki, kutoka Ngome na kufuata pwani ya bandari ya kale kuelekea kaskazini. Leo twautaja wote kwa jina moja, lakini zamani palikuwa na Gavana, sehemu iliyo karibu na Ngome walipokaa Wareno na baadaye Waarabu wa Omani, na palikuwa na mji wa Waswahili wenyewe, yaani Mvita. Ndia Kuu, ambayo wageni huipiga picha kila siku, ni njia ya tangu zama za Wareno. Na wenyeji wakajigawa katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila taifa na wazee wake, na kila mtaa na msikiti wake. Mgawanyo huo ulileta ugomvi mara nyingi, lakini pia ulikuwa ndio daftari la mji. Hapakuwa na mtu asiye na mtaa wala mtaa usio na mzee wa kuulizwa.

Ibn Battuta alipopita Mvita mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini yao na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Habari za jinsi mji ulivyojilinda hatukuzipata kwake. Tulizipata kwa adui. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji kwa merikebu zake, akauteka, akaupora na kuutia moto. Waliofuatana naye wakaandika kwamba njia za mji zilikuwa nyembamba hata watu wawili hawakuweza kwenda bega kwa bega, na kwamba mbele ya nyumba palijengwa viti vya mawe vilivyozidi kuibana njia. Askari waliojitia humo walipigwa kwa mawe kutoka juu ya madari.

Viti hivyo vya mawe ni baraza zetu. Tungependa wanachama wakae kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu ndilo lililolinda mitaa kwa miaka mingi zaidi ya bunduki yoyote. Baraza si kiti cha mvivu, kama alivyodhani bwana mkubwa mmoja baada ya mwingine. Mzee akaaye barazani baada ya alasiri humwona kila apitaye. Mwenyeji hutoa salamu na hujibiwa kwa jina. Asiyejulikana pia husalimiwa, kisha huulizwa kwa adabu, "Wataka nyumba ya nani, mwanangu?" Mwenye haja ya kweli huonyeshwa mlango, na pengine hupewa mtoto wa kumwongoza. Asiye na haja ya kweli hutambua kwamba sura yake imeshikwa, akashika njia yake. Juu, nyuma ya roshani, wamo kina mama ambao huona bila kuonekana, na habari yao hufika upesi kuliko ya mpiga mbiu. Mtoto akivunja kitu mtaa wa pili, hukuta habari imemtangulia nyumbani. Wala wembamba wa njia, ambao leo hutajwa kuwa kificho cha wevi, haukuwa hatari maadamu kila mlango ulikuwa na macho. Kichochoro ni kizuri au kibaya kwa kadiri ya watu wanaokaa ndani yake na kujuana.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba amani hiyo ilikuwa ya wote. Aliyekuwa mtumwa hakulindwa na baraza; alilindwa na bwana wake kama mali ilindwavyo. Katika Unguja, Waarabu wa kaskazini walipokuja kwa pepo za kaskazi, watu walificha watoto wao na watumwa wao, kwa kuwa walikuwa wakiibwa na kupakiwa majahazini. Na neno "wizi" lilikuwa na maana ya ajabu katika zama hizo. Wamisionari wa C.M.S. walipoanzisha Freretown mwaka 1875, ng'ambo ya mkono wa bahari, watumwa wakaanza kukimbilia huko na Rabai. Wenye watumwa hapa mjini wakapiga kelele kwamba wanaibiwa. Mtu aliyejichukua mwenyewe kwa miguu yake alihesabiwa kuwa ameibwa! Mambo yalifikia hata Bwana George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza akalipa fidia, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watumwa 1,400 na zaidi wakapewa hati za uhuru wao Rabai. Utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika Pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Twasema haya kwa sababu baadhi ya wanachama wetu ni wajukuu wa watu hao, na hawana sababu ya kuzililia zama za zamani kama vile kila mtu alikula vizuri na kulala vizuri.

Mwaka huo huo wa 1875 mji ulipata fundisho lingine, na hili ni la kukumbukwa kila wakati tunapoomba tuletewe askari wengi. Ngome ilikuwa mikononi mwa Muhammad bin Abdallah Bakhashweni, ambaye watu humwita Al-Akida, jemadari wa Sultani Barghash. Kazi yake ilikuwa kuulinda mji. Alipokosana na Sultani na maliwali wake, alijifungia ndani ya Ngome na askari zake, na bunduki zilizowekwa kumlinda raia zikamgeukia raia. Palikuwa na mapigano njiani, na mali ya watu ikaporwa. Barghash hakuweza kumtoa. Ikabidi Prideaux, aliyekuwa akishika kazi ya balozi wa Kiingereza Unguja, alete manowari mbili, Nassau na Rifleman, zikaipiga Ngome kwa mizinga mwezi wa Januari hata Al-Akida akasalimu amri. Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, alikusanya habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1950, na asiyekisoma akisome. Hatujui mwivi yeyote wa vichochoroni aliyewahi kuutia mji hasara kama ile iliyoletwa na mlinzi wake.

Waingereza walipotwaa nchi mwaka 1895, waliigeuza Ngome kuwa gereza, ikakaa hivyo mpaka mwaka 1958. Fikirini maana yake. Kwa miaka sitini na mitatu nyumba kubwa kuliko zote mjini, ile ambayo kila mtoto aliiona kila asubuhi akienda chuoni, ilikuwa nyumba ya wafungwa. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu yake, na chini yake walikuwamo walioiba, na walioua, na walioshindwa kulipa kodi, wote katika kuta moja. Jina "Ngome" likawa na maana ya kufungwa. Watu walisema fulani yumo Ngomeni, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mwaka 1958 ikafanywa hifadhi ya taifa, Bwana James Kirkman akachimba na kutengeneza, na baada ya muda mfupi ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Polisi wa kwanza wa hapa walikuwa walinzi wa Kampuni, na wengi wao waliletwa kutoka Bara Hindi. Mwaka 1902 palikuwa na vikosi Mombasa, Nairobi, Naivasha na Kisumu, na mwaka 1906 sheria ikawaunganisha kuwa jeshi moja la polisi. Askari hao hawakujua Kimvita wala hawakujua nyumba ya nani ni ipi. Walijua bandari, reli, maghala na nyumba za Wazungu, na hapo ndipo walipowekwa. Katika mitaa ya Waswahili mambo madogo yalibaki kwa Liwali, Kadhi na wazee, na mambo makubwa yakapelekwa kortini.

Taa nazo zina historia yake. Mwaka 1875 (mwaka huo tena!) Sultani Barghash alinunua mtambo wa umeme ili kuangaza kasri lake na njia za karibu nalo. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaununua mtambo huo, ikazaliwa Kampuni ya umeme ya Mombasa. Basi umeme wetu ni mtumba wa Unguja. Taa zilianza katika njia kubwa, na vichochoro vikangoja. Na hata katika zama zetu, wanachama wa Mkanyageni wameandika barua kuhusu taa zilizokufa wakajibiwa kwamba barua imepokewa.

Sasa twafika mahali ambapo sifa mbaya ya mji ilizaliwa, nasi tutakaa hapa kwa kuwa panatuhusu sisi wenyewe. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na bandari ya Kilindini ilipokua, na hasa baada ya gati za maji makuu kufunguliwa mwaka 1926, Mombasa ilihitaji mikono mingi. Mikono hiyo ilitoka Giriama, Rabai, Digo, Taita, na baadaye Ukambani, Nyanza na Kikuyu. Wapagazi wa bandari walilipwa kwa siku, ndio vibarua. Mtu aliweza kufanya kazi siku chache katika mwezi, akapata ya chakula na kodi, kisha akarudi shambani kwake au akapumzika. Walikaa wapi? Waajiri hawakuwajengea. Wengi walipokewa na wenyeji. Mgiriama alikuwa na rafiki au mtani wa babaye katika mji, akapewa mkeka, akala pamoja na watu wa nyumba, pengine akasilimu, akapata jina jipya na mtaa wake. Hivyo ndivyo mji ulivyokuwa ukiwameza wageni wake tangu zamani, na ndivyo ulivyokuwa ukiwalinda na kulindwa nao, kwa sababu mgeni mwenye mwenyeji ana mtu wa kumwaibisha.

Bwana Justin Willis, mwanahistoria wa Kiingereza, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1993 jinsi wakubwa wa Serikali walivyouogopa utaratibu huo. Kwao, mtu asiyefanya kazi kila siku alikuwa mwivi wa kesho, na nyumba ya Mswahili iliyompokea ilikuwa pango la kumfichia. Frederick Cooper, Mmarekani, ameandika maneno yanayokaribiana na hayo juu ya vibarua wa bandari. Wakubwa hao hawakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba kibarua ameiba. Ilitosha kwamba hawakujua alikuwa wapi siku ya Jumanne. Tunakiri kwamba wevi walikuwapo, na maghala ya bandari yalichotwa, na si haki kumsingizia mkubwa kila neno. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kumkamata mwivi na kuhesabu mtaa mzima kuwa ni mwivi. Fikira hii ya pili ndiyo iliyobaki wakati wakubwa wenyewe walipokwisha kwenda kwao.

Shida ya kweli ilikuwa nyumba na mshahara. Baada ya mgomo wa mwaka 1939 Serikali iliunda tume chini ya Bwana Willan, nayo ikaeleza jinsi wafanya kazi wa Mombasa walivyorundikana katika nyumba zisizotosha. Vita vikapandisha bei. Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wakagoma, mji ukasimama, nao wakakutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini mpaka Bwana Eliud Mathu alipokuja kuzungumza nao. Serikali ilijibu kwa mkono wa kulia nyongeza ya mshahara, na kwa mkono wa kushoto sheria ya mwaka 1949 ya kuwaondoa mjini watu walioitwa wasio na kazi kwa hiari yao. Katika miaka ya 1950 vibarua wa bandari waliandikishwa na kupunguzwa. Mwaka 1948 Mombasa ilikuwa na watu 84,746; mwaka 1962 walikuwa 179,575. Watu walizidi mara mbili katika miaka kumi na minne. Hapana baraza duniani inayoweza kushika majina mapya mengi hivyo kwa muda mfupi hivyo.

Wazee wetu hawakunyamaza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alitoa magazeti mawili hapa Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na humo aliwakemea watu wake kwa uvivu, kwa fedha zinazotupwa katika ngoma na karamu, na kwa kuacha elimu. Hakuwatupia Wazungu lawama yote, ingawa alikuwa nayo ya kuwatupia. Katika zama hizo hizo palikuwa na ngoma za beni zilizoshindana, Kingi na Scotchi, na ushindani wa mavazi na matarumbeta uliweza kuishia kwa fimbo. Vijana kujikusanya, kujipa jina na kupigana na mtaa wa pili si uzushi wa leo. Tofauti ni kwamba beni ilikuwa na wakubwa wenye vyeo, na daftari la wanachama, na wazee walijua wa kumwita.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika polepole. Majahazi ya kaskazi yalipungua, na kufika miaka ya 1970 bandari ya kale ilikuwa kimya kuliko ilivyowahi kuwa. Pamoja na majahazi zilipotea kazi za upagazi, useremala, kushona matanga, kuuza maji na chakula. Waliopata nafasi wakahamia mitaa mipya ya bara au wakaenda Arabuni, nyumba zikapangishwa chumba chumba. Mwaka 1990 Serikali iliutangaza Mji wa Kale kuwa eneo la kuhifadhiwa, na ofisi ya uhifadhi ikawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Ni jambo jema. Lakini sheria hiyo yalinda milango ya nakshi na roshani. Haikuandikwa kwa ajili ya aliyekaa barazani.

Ndipo ulipoingia unga. Hatupendi kuandika neno hili katika kitabu cha Chama, ila kulificha ni kumsaidia mwuzaji. Heroini ilianza kuonekana katika miji ya Pwani katika miaka ya 1980, na kufika mwisho wa miaka ya 1990 haikuwa mgeni katika mtaa wowote wa kisiwa. Malindi wenzetu waliamka mapema, wakaanzisha Omari Project mwaka 1995. Hapa kwetu aibu ilitutangulia. Nyumba zenye heshima zilificha watoto wao; bomba la maji likiibwa, au sufuria, au simu, wenye mali waliomjua mwivi walinyamaza kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Basi baraza, iliyokuwa jicho la mtaa, ikajifunza kufumba. Sisi twasema wazi kwamba kosa hili ni letu wala si la polisi. Mtaa usiotaja mwuzaji kwa sababu baba yake ni mtu wa safu ya mbele msikitini, kisha ukalia kwamba teja amevunja dirisha, umechagua wa kumlaumu.

Baada ya unga yakaja makundi ya vijana wenye mapanga, yenye majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku makundi mengi ya namna hiyo katika nchi nzima. Wengi wao ni watoto wadogo sana. Hutembea wengi kwa pamoja, hupora simu na mikoba kwa dakika chache, kisha hutawanyika katika vichochoro vile vile tulivyovisifu. Wenye duka hufunga mapema, na mtaa ukifunga mapema hubaki bila macho, na giza likakamilika.

Juu ya hofu hiyo ikaja nyingine. Mji huu uliwahi kuona fujo za siasa mwaka 1992, wakati wa chama cha I.P.K. na Sheikh Khalid Balala, lakini yaliyofuata Agosti 2012, alipouawa Sheikh Aboud Rogo, yalikuwa ya namna nyingine. Mwaka 2014 polisi waliingia misikitini katika mitaa ya jirani, vijana kwa mamia wakakamatwa, na masheikh wengine wakauawa na watu ambao hawakupatikana. Mwezi wa Mei mwaka huo Uingereza iliwaonya raia wake, wageni wakarudishwa kwao kwa ndege, na mwezi wa Julai watalii wawili walipigwa risasi wakafa katika Mji wa Kale, kila mmoja kwa siku yake. Mahoteli yakafunga, na waliokuwa wakiongoza wageni Ngomeni na Ndia Kuu wakakaa bure. Mwaka 2016 shirika la HAKI Africa lilitoa taarifa yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotea tangu 2012. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Serikali ilikuwa imelitia shirika hilo pamoja na MUHURI katika orodha ya wanaoshukiwa kusaidia ugaidi na kufunga akiba zao benki; mwezi wa Novemba Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru waondolewe katika orodha.

Ndiyo sababu tulisema mwanzoni kwamba mama hajui amwogope nani. Mwenye habari ya mwenye panga angeipeleka kituoni, lakini huogopa kwamba mtoto atakayechukuliwa hatarudi, na kwamba yeye mwenyewe atatajwa. Askari naye, asiyepata habari, huja na gari na kukamata yeyote aliye njiani. Kila upande wahesabu ukimya wa mwenziwe kuwa ushahidi wa hatia yake.

Wengine hutuuliza, mbona hamtupi hesabu? Hesabu za makosa zinazochapishwa kila mwaka hutolewa kwa kaunti nzima. Mombasa kaunti ilikuwa na watu 1,208,333 katika hesabu ya mwaka 2019, na ndani yake mna Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu. Hazikwambii Kuze iko salama au haiko. Tena hesabu ya polisi ni hesabu ya waliokwenda kushtaki. Mahali watu wanapowaamini polisi makosa huonekana mengi kitabuni, na mahali wanapowaogopa huonekana machache. Kwa hiyo mwanachama akisoma gazetini kwamba makosa yamepungua, na aulize kwanza ni nini kilichopungua.

Tangu mwaka 2013 tumeambiwa juu ya Nyumba Kumi, mpango ambao jirani zetu wa Tanganyika walikuwa nao namna yake tangu miaka ya 1960. Wazee wengine walicheka, wakasema Serikali imegundua baraza. Hatucheki nao. Pale ambapo mjumbe amechaguliwa na majirani zake, kazi imekwenda. Pale alipowekwa kwa kuwa ni mtu wa chifu, watu humpita kimya kama wapitavyo mpelelezi. Jambo la namna hiyo lilionekana Mei 2020, wakati Serikali ilipoufunga Mji wa Kale kwa ajili ya ugonjwa wa Covid-19, mtu asiingie wala asitoke, kwa mwezi mmoja hivi. Watu walikuwa wamekataa kujitokeza kupimwa, na wakubwa wakashangaa. Yeyote aliyefuata habari hizi tangu Al-Akida asingeshangaa.

Mwaka huu Kamati imeamua kushughulika na mambo mawili tu, maana fedha ni chache. La kwanza ni taa za Mkanyageni na Kibokoni, ambazo tumepeana zamu ya kuzifuatilia ofisini kila wiki. La pili ni nauli. Dawa ya methadoni, inayomwezesha mtu kuacha unga, ilianza kutolewa nchini na Serikali mwezi wa Desemba 2014 Nairobi, ikafuata Malindi mwaka 2015, na baadaye Kisauni. Dawa hiyo hunywewa mbele ya mwuguzi, kila siku, bila kukosa. Kijana wa Mji wa Kale anayetaka kuiacha sumu yampasa avuke daraja la Nyali kila asubuhi, kwenda na kurudi, Jumapili pia, kwa miezi na pengine miaka, naye hana kazi. Asiyepata nauli siku ya tatu hujua mahali pa karibu zaidi pa kujituliza, na mahali hapo hapahitaji nauli. Wanachama wenye gari ziendazo Kisauni asubuhi, na wenye kuweza kutoa nauli ya kijana mmoja kwa mwezi, wanaombwa waandike majina yao kwa Katibu. Jina la kijana halitasomwa mkutanoni.